Uzima Unaohesabika: Hali za Mwili katika Mchezo wa Minecraft na Fikra ya Uzima huko Kabongo na Kamina

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Baadaye filamu na nyimbo za vijana nazo zimeingizwa katika orodha hiyo, lakini mchezo wa kompyuta bado umeachwa mlangoni. Sababu inayotolewa aghalabu ni kwamba mchezo hauna matini: hauna msimulizi, hauna mistari ya kunukuliwa, na kila mchezaji huishia mahali pake. Hoja hii ni dhaifu. Ngano nayo huishia kwa namna tofauti kila inapotambwa, wala hakuna anayedai kwamba ngano haina fani na maudhui. Mchezo una kanuni, na kanuni ni kauli. Kanuni inayosema kwamba mtu mwenye njaa hawezi kukimbia, au kwamba sumu huumiza bila kuua, ni kauli kuhusu mwili wa binadamu, na kauli inaweza kuhakikiwa.

Makala haya yanachunguza sehemu moja tu ya kanuni za Minecraft, yaani hali zinazompata mchezaji: sumu, njaa, unyonge, wepesi, kunyauka, kupona na nyinginezo. Kipimo kinachotumiwa ni fikra ya uzima kama ilivyoelezwa, na kama ilivyobishaniwa, kuhusu Waluba wa eneo la Kabongo na Kamina katika Kongo ya kusini-mashariki. Kipimo hiki hakikuchaguliwa kwa sababu ya ugeni wake. Kimechaguliwa kwa kuwa katika eneo hilo ndiko kulikoandikwa kitabu mashuhuri kuliko vyote kilichodai kwamba, kwa Mwafrika, kuishi ni kuwa na nguvu inayoongezeka na kupungua. Minecraft inaendesha dai hilo kwa hesabu kamili. Mchezo huu hauna haja ya kuchezwa Kabongo ndipo Kabongo iwe na la kusema juu yake.

Hoja kuu ni hii: mchezo unakuwa na maana kubwa zaidi pale unapoacha kuuhesabu mwili na kuanza kukumbuka uhusiano wa mtu na watu. Pale unapobaki na hesabu peke yake, unarudia kosa lile lile ambalo wahakiki wa Kiafrika walilikosoa katika kitabu hicho.

2.0 Utaratibu wa Hali katika Mchezo

Minecraft ilibuniwa na Markus Persson wa Uswidi, na toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Mojang, iliyoutoa mchezo huo, ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Mchezaji hujikuta katika nchi ya misitu, milima na mapango bila kupewa kazi wala hadithi. Hukata miti, huchimba mawe, hulima, hufuga na kujenga. Giza likiingia, maiti wanaotembea na viumbe wengine hutoka kumwinda. Kazi ya kwanza ni kujinusuru.

Uhai wa mchezaji huonyeshwa kwa mioyo 10, na kila moyo una pointi 2. Shibe yake nayo huonyeshwa kwa vipande 10 vya nyama. Shibe ikiwa karibu kujaa, mioyo hurudi yenyewe. Ikipungua sana, mchezaji hawezi tena kukimbia. Ikiisha, mioyo huanza kuliwa. Juu ya viwango hivi viwili ndipo zinapokaa hali. Kila hali ina jina, daraja na muda. Dawa ya wepesi ya kawaida hudumu dakika 3. Ikiongezwa unga mwekundu wa madini uitwao redstone, hudumu dakika 8. Ikiongezwa unga ung'aao wa glowstone, huwa kali zaidi, lakini muda wake hushuka hadi dakika 1 na nusu. Mtengenezaji wa dawa hawezi kupata ukali na urefu kwa pamoja, sharti achague.

Hali mbaya nyingi huingia kwa mdomo. Kuku mbichi humletea mchezaji hali ya njaa mara 30 katika kila 100, na nyama iliyooza mara 80. Samaki aina ya bunju huleta sumu, njaa na kichefuchefu kwa mpigo mmoja, jambo ambalo halitamshangaza mvuvi yeyote wa pwani. Kuna tofauti moja ambayo mchezaji mzoefu huijua mapema: sumu hupunguza mioyo hadi ikabaki nusu ya moyo, kisha hukoma, kunyauka hakukomi, bali huua. Aliyepatwa na sumu anaweza kusubiri. Aliyepatwa na kunyauka hana nafasi hiyo. Kuyamudu madhara katika mchezo ni kwanza kuyajua majina yake.

Sehemu yenye ustadi mkubwa ni ile ya kugeuza. Jicho la buibui likichachushwa kwa sukari na uyoga, huwa kiungo kinachopindua dawa nyingine: dawa ya uponyaji huwa ya madhara, ya wepesi huwa ya uzito, na ya kuona usiku huwa ya kutoonekana. Tena dawa inayomponya mchezaji huwaunguza maiti wanaotembea, na ile inayomdhuru huwaponya. Hivyo dawa katika mchezo huu si njema wala mbaya kwa asili yake. Wema wake hutegemea nani anaipokea. Hapa mtunzi amefanya jambo la kifani lenye uzito, kwa kuwa amekataa kuigawa dunia katika mafungu mawili ya vitu vizuri na vitu vibaya. Mtu anayejua kwamba Waluba huliita kwa jina moja, bwanga, lile linalolinda na lile linaloweza kudhuru, hataona ajabu.

3.0 Sarufi ya Kupatwa

Lugha ya Kiswahili ina njia yake ya kusema mambo haya, na njia hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya kutafuta istilahi. Mswahili husema ameshikwa na homa, njaa inamuuma, usingizi umemchukua, amepatwa na kizunguzungu. Katika miundo hii hali ndiyo mtenda na mtu ndiye mtendwa. Homa ina mkono wa kushika, usingizi una nguvu ya kuchukua. Mtu hana homa kama alivyo na kofia. Homa ndiyo iliyo naye.

Salamu nayo imejengwa juu ya fikra hiyo. Hujambo ni ukanushi wenye swali ndani yake: huna jambo? Anayejibu sijambo anatangaza kwamba hakuna lililompata. Kwa maneno mengine, kila asubuhi Waswahili huulizana kuhusu orodha ya hali. Katika Minecraft orodha hiyo huonekana pembeni mwa kioo kwa picha ndogo ndogo pamoja na muda uliosalia. Jibu lipo, bali mwulizaji hayupo. Mchezaji anajua kwamba ana jambo, naye ndiye peke yake anayejua.

Kutokana na uchunguzi huu, neno athari, ambalo huja kwanza akilini mwa mfasiri, halitoshi. Athari huelekeza kwenye matokeo ya kitendo kilichokwisha kupita. Hali, likitumiwa pamoja na kitenzi kupatwa, linabeba yote mawili: kilichopo na namna kilivyomfikia mtu. Vivyo hivyo hakuna sababu ya kuunda maneno mapya pale ambapo ya zamani yapo. Alama ya bahati mbaya ambayo mchezaji huibeba hadi kijijini na kuwaletea wanakijiji uvamizi ina jina lake la Kiswahili: ndege mbaya. Na mwanakijiji aliyegeuzwa kuwa maiti anayetembea, ilhali bado anaweza kurudishiwa utu wake, ni msukule. Maneno haya mawili yana historia ya hofu na masimulizi ambayo mkopo wowote wa Kiingereza ungeipoteza.

4.0 Kabongo, Kamina na Fikra ya Uzima

Kabongo ni wilaya katika mkoa wa Haut-Lomami, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Makao makuu ya mkoa ni Kamina, mji wa njia panda ya reli. Jina Kabongo ni la kifalme. Ufalme wa Waluba ulipodhoofika mwishoni mwa karne ya 19, warithi wawili, Kabongo na Kasongo Nyembo, waligombania kiti, na utawala wa Kibelgiji ukaufanya mgawanyiko wao kuwa wa kudumu. Kwa hiyo eneo hili lilikuwa na mazoea marefu ya kujiuliza nguvu ya mtu hutoka wapi, na nani ana haki ya kuithibitisha.

Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, na alikuwa akifanya kazi katika eneo la Kamina alipoandika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Dai lake ni jepesi kulieleza. Kwa Mbantu, asema, kuwapo ni kuwa na nguvu. Ugonjwa, uchovu, huzuni na kushindwa ni nguvu iliyopungua. Baraka, uzazi na dawa ni nguvu iliyoongezeka. Alitegemea sana msamiati wa Kiluba. Alionyesha, mathalan, kwamba kufwa huweza kutajwa kwa mtu aliyepungukiwa tu, na kwamba kufwididila ndiko kufa kwa mwisho kusikobakisha kitu. Mchezaji wa Minecraft angeielewa tofauti hiyo mara moja: ya kwanza ni sumu, ya pili ni kunyauka.

Baada ya kitabu hicho Tempels alianzisha, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi katika miaka ya 1950, mwendo wa kidini ulioitwa Jamaa. Mafundisho yake yaliendeshwa kwa Kiswahili cha Katanga, nayo yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyeuchunguza mwendo huo katika kitabu chake cha mwaka 1971, alionyesha jinsi maneno hayo yalivyopata maana nzito mdomoni mwa wafanyakazi wenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba nguvu ya kitabu cha Kifaransa ilipovaa Kiswahili haikuwa nguvu tena, bali ilikuwa uzima. Neno hilo limetokana na -zima, lenye maana ya kutokatika, kutopungukiwa sehemu. Mkate mzima ni ule ambao haujamegwa. Mtu mzima ni aliyekamilika kwa umri na kwa akili. Nguvu inaweza kuwa kubwa au ndogo. Uzima, kwa asili yake, haugawanyiki katika nusu za mioyo. Tena katika utatu wa Jamaa uzima hausimami peke yake: umefungwa na uzazi na mapendo, mambo ambayo hayawezi kufanywa na mtu mmoja.

Kitabu cha Tempels kilipingwa mapema. Aimé Césaire, katika insha yake ya mwaka 1950 dhidi ya ukoloni, alikidhihaki kwa kuwa kilimwambia mtawala kwamba Mwafrika anachodai ni heshima kwa nguvu yake ya ndani, huku mishahara, nyumba na chakula vikiachwa kando. Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, aliongeza kwamba kitabu hicho kilizungumza juu ya Waafrika na hakikuzungumza nao. Kiliwapa watu wote falsafa moja isiyo na mwenyewe. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi katika Katanga hiyo hiyo, alikirudia mwaka 1988 na kukiweka katika historia ya maarifa ambayo wageni waliyabuni kuhusu Afrika.

Hata hivyo haki inadai kusemwa jambo moja. Tempels hakusema kwamba nguvu ni kiasi tu. Alisisitiza pia kwamba nguvu za watu zimeunganika, kiasi kwamba baba humtia nguvu mtoto, aliye hai hushikwa mkono na waliotangulia, na hakuna anayepungua peke yake. Kitabu hicho basi kina nusu mbili: nusu ya hesabu na nusu ya uhusiano. Minecraft, bila shaka bila kukijua kitabu chenyewe, imeichukua nusu ya kwanza kwa ukamilifu wa kutisha. Swali la kihakiki ni kama nusu ya pili ipo.

5.0 Mkeka Juu ya Shimo

Kabla ya kujibu swali hilo inafaa kulitazama simulizi kuu la Waluba, kwa kuwa nalo ni simulizi la kujinusuru. Nkongolo, mfalme mkatili anayehusishwa na upinde wa mvua, alitawala kabla ya kuja Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki mwenye adabu za kifalme, ambaye hakula mbele za watu. Mbidi alizaa na dada yake Nkongolo mtoto aliyeitwa Kalala Ilunga. Mtoto huyo alikua akawa hodari wa mbio, wa vita na wa ngoma. Alimshinda mjomba wake katika mchezo. Mama wa Nkongolo akacheka, na mfalme kwa hasira akamzika mama huyo akiwa hai. Kisha Nkongolo akachimba shimo, akasimika vyuma vikali ndani yake, akatandika mkeka juu, akamwalika mpwa wake acheze ngoma hapo. Mpiga ngoma aliyeijua hila hiyo alimwonya Kalala kwa lugha ya ngoma. Kalala akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba kwenda kwa baba yake. Aliporudi na jeshi, utawala wa Nkongolo ukaisha.

Mhakiki anayesoma simulizi hili kwa jicho la mchezo ataona vitu vyote anavyovitarajia: mtego, kasi, mto wa kuvuka, adui mwenye nguvu kuliko shujaa. Wepesi wa Kalala ni halisi na unatajwa kwa sifa. Lakini kilichomwokoa si wepesi. Angekuwa mwepesi mara mbili zaidi bado angekanyaga mkeka. Kilichomwokoa ni mtu mwingine aliyesema kwa njia ambayo mfalme hakuielewa. Hali ya Kalala ilikuwa salama kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemtakia usalama.

Bulopwe, yaani ufalme wenye utakatifu, nao haupatikani kwa juhudi za mwili. Kwa Waluba hupita katika damu, lakini sharti utambuliwe na watu. Chama cha Mbudye ndicho kilichotunza historia ya ufalme huo kwa kusoma lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na simbi, ambao msomaji hupitisha vidole juu yake huku akisimulia majina, safari na miiko. Hali ya mfalme ilikaa mikononi mwa watu wenye kumbukumbu.

6.0 Ndoo ya Maziwa

Dosari kubwa ya Minecraft inaonekana sasa. Mchezaji aliyepatwa na hali yoyote anaweza kukama ng'ombe, akanywa ndoo ya maziwa, na hali zote zikatoka kwa mara moja, mbaya na nzuri. Sumu inatoka, kunyauka kunatoka, unyonge unatoka. Wepesi na kinga ya moto navyo vinatoka. Katika ufundi wa mchezo kanuni hii ina busara fulani, kwa sababu inamlazimisha mchezaji kupima kama inafaa kupoteza neema ili kuondokana na nuksi. Watunzi walitambua ukali wake, wakaongeza mwaka 2019 chupa ya asali inayoondoa sumu peke yake.

Hata hivyo maziwa hayo hayaishii kwenye sumu. Huosha pia ndege mbaya. Mchezaji aliyejiletea laana anaweza kunywa ndoo mlangoni mwa kijiji na kuingia kana kwamba hakufanya lolote. Huosha hata ushujaa. Anayekilinda kijiji dhidi ya wavamizi hupewa hali ya Shujaa wa Kijiji. Wanakijiji humpunguzia bei na kumrushia zawadi. Hali hiyo katika toleo la Java hudumu dakika 40, yaani siku mbili za mchezo, kisha hutoweka. Akinywa maziwa kabla ya hapo, hutoweka papo hapo. Sifa ya kuokoa kijiji kizima imewekwa katika kundi moja na kichefuchefu. Ikilinganishwa na lukasa, ambayo huyaweka matendo katika vidole vya vizazi, umaskini wa kanuni hii hauhitaji maelezo marefu. Laana na sifa si vitu vya tumboni. Ni maneno ya watu, na maneno ya watu hayashuki kwa maziwa.

7.0 Njaa ya Kuchagua

Dosari ya pili inahusu njaa. Mchezaji huchagua ugumu wa dunia yake kabla ya kuingia. Katika daraja jepesi njaa huishia mioyo 5. Katika la kati huishia nusu ya moyo. Katika gumu peke yake ndipo njaa huua. Kuna na daraja la amani ambalo shibe haipungui kamwe. Methali husema adui mwombee njaa, kwa kuwa njaa ndiyo silaha isiyo na mtetezi. Katika mchezo silaha hiyo imewekewa kitasa, na ufunguo yuko nao mchezaji.

Hapa dhihaka ya Césaire inapata kazi upya. Hatari ya kuuona uzima kama kiasi cha ndani ni kwamba mtu husahau vinavyouleta na vinavyouondoa: shamba, ujira, bei ya unga. Maarifa halisi ya kumudu hali za mwili katika Kongo ya mashariki na ya kusini yako jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na huliwa salama kwa kulowekwa siku kadhaa, kukaushwa na kusagwa kabla ya kusongwa bukari. Pale ambapo ukame, vita au haja ya kuuza haraka imefupisha siku za kuloweka, hasa katika Kwango magharibi mwa nchi, umetokea ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na usioponyeka. Dakika 3 za dawa na siku 3 za kuloweka zote ni muda. Ila huu wa pili hauna redstone ya kuurefusha wala ndoo ya kuufuta, na anayeuvumilia ni mama anayejua kwamba watoto wanasubiri kula.

Haisemwi hapa kwamba mchezo wa watoto una wajibu wa kufundisha lishe. Inasemwa kwamba kanuni inayoruhusu njaa kuchaguliwa imeandikwa na mtu asiyeiona njaa kuwa jambo linalompata mtu bila hiari yake, na kwamba msomaji wa Kiswahili, ambaye sarufi yake humfanya aseme njaa imemshika, anao uwezo wa kuligundua pengo hilo.

8.0 Msukule Anayerudi

Ipo lakini sehemu moja ambapo mchezo unapanda juu ya hesabu yake wenyewe. Mwanakijiji aliyeuawa na maiti anayetembea huweza kugeuka msukule: ana ngozi ya kijani, anashambulia, na mchezaji mwenye haraka humwua. Mchezaji mwenye subira hufanya jingine. Humrushia dawa ya unyonge, kisha humlisha tofaa la dhahabu. Msukule huanza kutetemeka, na baada ya dakika kati ya 3 na 5 hurudi kuwa mwanakijiji.

Kanuni hii ina mafunzo matatu. Kwanza, unyonge, ambao katika sehemu nyingine zote ni hali mbaya, hapa ni mlango wa kupona. Sharti nguvu ya ubaya ipunguzwe kabla ya lishe kuingia. Pili, tofaa la dhahabu ni ghali, na mchezaji angeweza kulila mwenyewe na kujipatia mioyo; hapa analitoa. Tatu, na hili ndilo kubwa, aliyeponywa hakusahau. Humwuzia mponyaji wake vitu kwa bei ya chini sana. Zaidi ya hayo, katika toleo la Java wanakijiji husengenyana: wakikutana, huambiana mema na mabaya ya mchezaji, na bei zao hufuata maneno hayo. Aliyempiga mmoja wao huja kulipia kwa wengine ambao hakuwagusa. Masengenyo hayo mengine hufifia polepole, lakini hayaonyeshwi pembeni mwa kioo, hayana picha wala dakika, wala ndoo ya maziwa haiyaondoi.

Hapo ndipo nusu ya pili inapopatikana. Mchezaji ana hali ambayo haimo mwilini mwake; imo vinywani mwa watu. Haihesabiki mbele ya macho yake, na njia pekee ya kuijua ni kuwaendea watu na kuona wanampokeaje. Huu ni uzima wa utatu wa Jamaa zaidi ya kuwa nguvu ya kitabuni, na ni ndugu wa karibu wa mpiga ngoma aliyemwokoa Kalala Ilunga. Inasikitisha kwamba watunzi waliificha kanuni hii iliyo bora na kuitangaza ile ya maziwa. Wachezaji wengi huishia kuwatesa wanakijiji kwa makusudi, wakiwaumisha na kuwaponya ili bei ishuke, na hivyo uhusiano hurudishwa tena kwenye hesabu. Lawama hiyo ni ya wachezaji kwa sehemu moja, na kwa sehemu nyingine ni ya kanuni iliyoacha shukrani ilipwe kwa bei peke yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hali za mwili katika Minecraft zina fani iliyosukwa vizuri, hasa katika kugeuza dawa na katika kutofautisha kinachoumiza na kinachoua. Yameonyesha pia kwamba maudhui yake yana mgogoro. Kwa upande mmoja mwili ni chombo cha kupimwa, na kila kilichouingia, hata laana na sifa, kinaweza kuoshwa. Kwa upande mwingine mtu anaishi katika maneno ya wenzake, na huponywa kwa kile ambacho mwingine amekubali kukikosa.

Mjadala uliozuka kutokana na kitabu kilichoandikwa Kamina haujafungwa, na kumbe umehamia mahali ambapo wanafalsafa hawakuutarajia. Vijana wanaojifunza leo kwamba uhai ni mioyo 10 wanajifunza nusu ya Tempels bila kumjua, na bila kuwajua waliomjibu. Idara za Kiswahili zina nyenzo za kuwaonyesha nusu nyingine: salamu inayouliza kama kuna jambo, neno uzima lisilokubali kumegwa, masimulizi ya misukule, na simulizi la Waluba. Kazi ya kwanza ni kukusanya majina ambayo vijana wa Kiswahili, kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, wamekwisha kuyapa mambo haya wanapocheza, kabla ya wafasiri kuyafunika kwa istilahi za mezani. Kazi ya pili ni kuuhakiki mchezo kama inavyohakikiwa ngano: kwa kuuliza unamfanya mtu awe nani mbele ya wenziwe.